Kabla hujatengeneza programu, uliza simu ni ya nani

Nilipoanza utafiti wa afya ya kidijitali niliiamini namba moja tu: meseji zilizofika. Tulikuwa tunawakumbusha wajawazito siku ya kliniki, na kompyuta ilionyesha karibu zote zimepokelewa. Nikaenda kituoni kufungua vitabu vya MTUHA, yaani rejista ambamo kituo huandika huduma zake. Mahudhurio yalikuwa yale yale. Nikamuuliza mama mmoja aliyekaa kwenye benchi kama anazipata.

"Simu ni ya baba watoto, dada," akanijibu, "na yeye yuko dago, huu mwezi wa pili."

Nilikuwa nimemtumia mvuvi tarehe za kliniki za mkewe, naye yuko kambini mbali na nyumbani. Kwa hiyo ukipewa kazi ya namna hii, usianze na skrini. Kaa kituoni wiki nzima. Uliza laini imesajiliwa kwa nani, nani husoma meseji, simu huchajiwa wapi. Mtazame na nesi pia. Ukimletea kishikwambi bila kumpunguzia hata kitabu kimoja cha kujaza, atakijaza jioni kwa kukumbuka, na takwimu zako zitapendeza huku si za kweli.

Kwa vijana ninaowafundisha hurudia utafiti mmoja wa Kenya, uliochapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 2010. Watu 538 walioanza dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI waligawanywa kwa bahati nasibu. Nusu waliendelea na huduma ya kawaida, wengine, kila wiki, walitumiwa neno moja: "Mambo?" Walitakiwa wajibu ndani ya saa 48, "Sawa" au "Shida". Aliyejibu shida, au aliyenyamaza, alipigiwa simu na mhudumu wa kliniki. Meseji ile haikutaja dawa wala ugonjwa, hivyo hata ikisomwa na shemeji haimwumbui mtu. Na inafanya kazi kwenye kitochi.

Ninachowapendea zaidi watafiti wale ni kwamba hawakuishia kuhesabu meseji. Waliuliza kama dawa zinamezwa, wakapima na damu. Kati ya waliotumiwa meseji, waliosema wanazimeza ipasavyo walikuwa asilimia 62, dhidi ya 50 ya wasiotumiwa; waliofubaza virusi, 57 dhidi ya 48. Bila kile kikundi cha kulinganishia, 57 ingekuwa namba tupu.

Kipimo chako kichague kabla ya kuanza, kwa sababu hisia zetu hudanganya. Kule Chulaimbo, magharibi mwa Kenya, meseji za kila wiki zilisaidia watu kumeza dawa hizo hizo ipasavyo, lakini za kila siku hazikuongeza kitu. Mimi ningeapa kinyume chake. Unguja nako, kwenye utafiti wa wajawazito na simu, waliojifungua mikononi mwa wataalamu waliongezeka, ila ongezeko lilikuwa kwa wanawake wa mjini. Wa shamba hawakuguswa. Basi matokeo yachambue kwa makundi. Wastani huwaficha wale hasa uliowakusudia.

Mradi wetu tuliuanza upya. Kila mama alichagua mwenyewe namba ya kutumia, wengi wakataja ya dada au jirani, na meseji ikawa swali. Majibu ya "shida" yalipoanza kuingia, tukagundua hatukuwa tumetenga mtu wa kuyashughulikia. Siku hizi mstari wa kwanza wa bajeti yangu ni vocha ya nesi, na saa zake za kupiga simu.