Michirizi chini ya sanamu ya bronzi

SWALI: Juu ya mlango wa maktaba ya chuo chetu, karibu na bahari, imefungwa sanamu ya bronzi ya mhitimu. Ukuta chini yake una michirizi ya kijani na ya kutu. Tuisugue kwa ndimu na majivu?

JIBU: Msithubutu. Asidi na majivu huondoa rangi iliyotiwa na mchongaji, na bronzi iliyoachwa wazi huliwa upesi zaidi. Pale Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, sanamu ya John Harvard ya 1884 ina ncha ya kiatu inayong'aa kwa kushikwashikwa na wageni tu. Fikiria majivu yatafanya nini.

Kijani ni shaba iliyomo kwenye bronzi, inayooshwa na mvua. Kutu ndiyo ya kuogopa zaidi, kwa kuwa huenda boliti ni za chuma cha kawaida. Chuma kikigusana na bronzi penye unyevu wa chumvi, chuma ndicho huliwa, na mzigo wote uko juu ya vichwa vya watu. Fundi azikague kwanza, aweke za chuma kisichoshika kutu daraja la 316 na washa za nailoni (pete bapa za kutenganisha boliti na bronzi). Azibue pia matundu ya kutolea maji chini ya sanamu.

Kisha osheni kwa maji safi, sabuni laini isiyo na amonia na brashi ya nailoni. Ikikauka kabisa, pakeni nta nyembamba na kung'arisha kwa kitambaa. Pwani, rudieni kila mwaka. Unga wa kijani mpauko unaorudi baada ya kuoshwa ni kloridi, yaani chumvi inayoendelea kuila bronzi: hapo mwiteni mhifadhi wa sanamu, msiufunike kwa nta.