Moteri ya ndege ya T-6 haiamshwi kwa stata kabla ya kuizungusha kwa mkono

Ndugu fundi, ukitoka kwenye malori ya migodi ya hapa Lubumbashi, mikono unayo tayari. Haraka ndiyo uiache mlangoni.

T-6, aina ya ndege iliyowahi kuruka hapa Katanga mwanzoni mwa miaka ya 1960, ina moteri ya R-1340: silinda 9 zimepangwa duara, kwa hiyo baadhi zimetazama chini. Ndege ikikaa, oili huteremka polepole, hupenya ringi za pistoni na kujaa kwenye silinda hizo, hasa ya 5 na ya 6. Oili haibanwi kama hewa. Ukipiga stata, pistoni inagota kwenye oili na bieli (fimbo inayounganisha pistoni na kranki) inapinda. Ubaya wake, moteri yaweza kuwaka vizuri siku hiyo, halafu bieli ikakatika baada ya saa kadhaa za kuruka.

Zima magneto zote (ndizo zinazotoa umeme wa cheche), ila jiweke kana kwamba zinawaka, maana waya wa kuzimia ukikatika magneto inabaki hai. Zungusha propela kwa mkono, upande inakozungukia, ukihesabu mapanga. Ya T-6 ina mapanga 2 na imefungwa moja kwa moja kwenye kranki, hivyo yakipita 4, kila silinda imebana mara moja. Hesabu 8. Panga likigoma, acha hapo hapo. Usililazimishe, wala usilirudishe nyuma: oili itasukumwa kupitia vali hadi kwenye bomba la kuingizia hewa, nayo itanyonywa tena moteri ikiwaka. Fungua buji (plagi) za silinda ya 4 hadi ya 7, kinga beseni, zungusha mpaka pakauke. Buji iliyoanguka sakafuni tupa, hata ikionekana nzima. Kauri ya ndani hupasuka kimya. Gasketi yake ya shaba iwe mpya.

Na shaba iishie hapo. Bodi ni alumini, na sisi mji wetu ni wa shaba: chembe zake zikibaki kwenye maungio ya bati, unyevu wa mvua za Novemba hadi Aprili ukiingia, alumini ndiyo inayoliwa. Brashi ya chuma iliyosugua vyuma vya kuchomelea nayo isiguse bodi. Penseli pia hapana; weka alama kwa kalamu ya wino.

Ribiti, yaani msumari unaofunga bati za bodi, ya mm 3.2 itokeze mm 4.8 kabla ya kugongwa. Ikishagongwa, kichwa kiwe na upana wa mm 4.8 na kimo cha mm 1.6. Kutoka ukingo wa bati hadi katikati ya tundu pasipungue mm 6.4. Kutoa ya zamani, toboa kichwa tu, kisha isukume kwa pini huku mwenzako ameegemeza kipande cha mbao nyuma ya bati. Hapa ndipo wageni wengi huharibu: keke inazama mpaka chini, tundu linakuwa kama yai, inabidi uweke ribiti ya mm 4. Hiyo inataka mm 8 hadi ukingoni, nawe unazo 6.4. Kosa la sekunde mbili, na bati zima linakatwa upya.