Kikapu cha zeituni cha shangazi

Dada, kwa shangazi yako wa Kakamega anayependa zeituni, chupa tatu zinatosha: Kalamata za Ugiriki, zenye weusi wa zambarau na ukali wa siki, Castelvetrano za Sicily, kijani kibichi na laini, na mafuta ya zeituni mililita 250 kwenye chupa ya rangi nzito, maana mwanga huyachachisha.

Dukani bonyeza katikati ya kifuniko. Kikibonyea na kurudi kwa mlio, iache hiyo chupa.

Vikapu vya magugumaji vya Kisumu vinapendeza mno, ila kitako hulegea kwa uzito: tandika kadibodi, jaza mianya kwa magazeti. Zeituni usizimimine kwenye bakuli la mapambo. Nje ya maji yake ya chumvi huota ukungu. Kama shangazi ana presha, ulizia kwanza, kwa ajili ya chumvi hiyo.