Maswali ya Wasomaji: Uvimbe Unaodunda Shingoni

SWALI: Daktari, mimi ni mama mwenye umri wa miaka 46. Kwa miaka mitatu nimekuwa na uvimbe upande wa kulia wa shingo, chini kidogo ya pembe ya taya. Hauumi, ila nikiugusa nausikia ukidunda. Daktari wa kwanza alitaka kuuchoma sindano ili achukue nyama ya kupimwa. Wa pili alikataa, akaniandikia picha ya CT, na majibu yanasema ni paraganglioma. Marehemu shangazi yangu naye alikuwa na uvimbe kama huu. Je, hii ni saratani? Na wanangu watarithi?

JIBU: Daktari wa pili alikufaa sana, kwa sababu uvimbe huu umejaa mishipa ya damu, na sindano ya pupa ingeweza kuleta uvujaji mgumu kuzuia. Uvimbe wa shingo unaodunda haupaswi kuguswa na chuma kabla ya kupigwa picha.

Pale ambapo ateri kubwa ya shingo hugawanyika mara mbili, pana kifundo kidogo cha seli, ukubwa wake kama punje ya mchele, ambacho kazi yake ni kuonja kiasi cha oksijeni kilichomo katika damu na kuuarifu ubongo uongeze pumzi inapopungua. Seli zake zina tabia ya neva na ya tezi kwa pamoja, na zikizaana kupita kiasi ndipo hutokea uvimbe ulio nao, yaani paraganglioma. Wakazi wa milima mirefu, kama ile ya Andes kule Peru, huupata zaidi kuliko watu wa nyanda za chini, kwa kuwa kifundo hicho hufanya kazi ya ziada maisha yao yote. Daktari akiushika kwa vidole, mara nyingi huuona ukisogea kushoto na kulia lakini haupandi wala haushuki, kwa vile umeukumbatia mshipa.

Kuhusu saratani, siwezi kukujibu kwa neno moja. Zamani vitabu viliigawa paraganglioma katika aina ya salama na aina ya hatari. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliuacha mgawanyo huo, kwa sababu hata hadubini haiwezi kutabiri ni upi utakaosambaa; kila mmoja huhesabiwa kuwa na uwezo huo, ingawa wengi wa shingoni hawasambai kamwe na hukua polepole, pengine milimita moja kwa mwaka.

Swali la wanao ndilo ningependa ulishikilie zaidi, kwa sababu umemtaja shangazi, yaani dada wa baba. Sehemu kubwa ya wagonjwa, takriban mmoja kati ya watatu, wana hitilafu ya jeni waliyozaliwa nayo. Hitilafu ya jeni iitwayo SDHD, iliyotambuliwa mwaka 2000, ina tabia ya ajabu: kwa kawaida huleta ugonjwa kwa aliyeirithi kutoka kwa baba, si kwa aliyeirithi kutoka kwa mama. Ikiwa ndiyo uliyo nayo, kila mtoto wako ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuibeba, lakini ni nadra sana augue. Hata hivyo mwanao wa kiume akiibeba, watoto wake ndio watakaokuwa hatarini, na ukoo utadhani ugonjwa uliruka kizazi. Jeni ya SDHB haina upendeleo huo, nayo ndiyo inayoambatana zaidi na kusambaa. Omba kipimo cha jeni kwa ajili yako kwanza, kisha ndugu zako wa kuzaliwa nao.

Usikubali upasuaji kabla ya kupimwa damu au mkojo kwa mabaki ya homoni za jamii ya adrenalini. Uvimbe wa shingo hutoa homoni hizo mara chache, lakini ukizitoa, au ukiwa na mwenzake juu ya figo, shinikizo la damu linaweza kuruka ghafla ukiwa umelazwa usingizi kwenye meza ya upasuaji. Upasuaji wenyewe hupita karibu na neva za sauti, ulimi na kumeza. Ndiyo maana kwa baadhi ya wagonjwa mabingwa huchagua kuufuatilia kwa picha za MRI au kutumia mionzi. Najua kuishi na kitu shingoni bila kukitoa kunakwaza moyo, lakini sauti iliyokwisha kukwaruza kwa sababu ya neva iliyojeruhiwa huenda isirudi.

SWALI: Nasikia mlio sikio la kushoto, unakwenda sawa na mapigo ya moyo. Je, unahusiana na ugonjwa huo?

JIBU: Unaweza kuhusiana, kwani paraganglioma huota pia ndani ya sikio la kati, na daktari huona wekundu nyuma ya ngoma ya sikio. Sababu nyingine ni nyingi, zikiwemo za mishipa ya damu na upungufu wa damu. Muone daktari wa masikio, pua na koo, na akiona wekundu huo, picha itangulie kabla ya mtu yeyote kuitoboa ngoma.