Ukipata panya mwenye badiliko jipya la jeni, andika ukoo wake kwanza

Tangu nianze kutunza rekodi za panya wa maabara, watafiti wanaoomba panya kutoka mbali huniuliza swali lilelile: ametoka ukoo gani? Jina la jeni wanakuwa tayari wanalo. Wanachokosa ni ukoo, yaani kundi la panya waliozalishwa wao kwa wao hadi wakafanana kijeni, na bila huo panya unayewatumia hawatamwelewa.

Mtazame panya aitwaye Min, aliyetangazwa mwaka 1990. Alitokana na kemikali ya ENU, na badiliko lake katika jeni ya Apc humletea uvimbe mwingi utumboni. Mzalishe na ukoo mwingine, uvimbe unaweza kupungua sana, kwa kuwa ukoo huo una jeni inayolipunguza makali badiliko lilelile. Kwa hiyo usiandike "C57BL/6", jina la ukoo unaotumika sana maabarani, ukaishia hapo, kwa kuwa nao una matawi. Tawi la J limepoteza kipande cha jeni ya Nnt. Tawi la N lina badiliko katika jeni ya Crb1 linaloharibu retina. Anayechunguza macho anaweza kumaliza mwaka mzima akifukuza ugonjwa uliokuwemo tangu mwanzo, kwa sababu tu kuna herufi moja haikuandikwa.

Kwa panya wa ENU jambo hili lina uzito zaidi. Dume hudungwa kemikali, nayo hubadilisha herufi mojamoja za DNA katika seli zinazozalisha manii, huku na huko, bila kuchagua jeni. Watoto hurithi mabadiliko mengi kwa pamoja, na lile unalolifuatilia ni mojawapo tu. Andika umewazalisha na panya wa ukoo safi kwa vizazi vingapi, ili kuyaondoa mabadiliko mengine. Andika pia vipimo vilivyotoka vya kawaida, pamoja na umri na jinsia ya panya uliowapima. Binafsi naviona hivi kuwa na thamani sawa na kasoro yenyewe, maana humwepusha mwenzako kurudia kazi uliyokwisha kuifanya.

Jina la utani halina ubaya, ila sajili na jina rasmi. Katika Clockm1Jt, Clock ni jina la jeni, m1 ni badiliko la kwanza na Jt ni maabara ya Joseph Takahashi, ambako panya hao wa saa ya mwili walipatikana. Hifadhidata ya MGI, inayokusanya taarifa za jeni za panya, itakuongoza.

Kisha gandisha manii katika naitrojeni kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, mapema, kabla mwanafunzi anayewajua panya hao hajaondoka. Manii hutosha kwa badiliko moja. Mabadiliko yakiwa kadhaa, gandisha viinitete. Yeyusha sampuli moja upate watoto hai kabla hujafunga vizimba. Peleka nyingine kwenye hifadhi ya pamoja: Jackson Laboratory huko Marekani, EMMA, hifadhi ya panya wenye mabadiliko ya jeni barani Ulaya, au RIKEN nchini Japani. Karatasi za makubaliano ya kuwakabidhi panya huchelewesha, basi zianze siku hiyohiyo.

Mwisho, ambatanisha maelekezo ya kupima DNA ya mkia au sikio, yenye mfuatano kamili wa praima (vipande vifupi vya DNA vinavyotumika katika kipimo) na picha ya matokeo ya panya wa kawaida, mwenye nakala moja na mwenye mbili. Mpe mwenzako wa chumba cha pili ambaye hajawahi kuwagusa panya hao, apime bila kukuuliza neno. Pale atakapokwama, ongeza sentensi.