Akichelewa Kujibu, Basi Umeachwa?

Msomaji mmoja ameniandikia wiki hii. Mchumba wake akisoma ujumbe asijibu, tumbo linamkata, na wakionana jioni tayari ameshanuna. Anauliza afanyeje asiachwe. Ujumbe mrefu, lakini hakuna mahali aliposema mchumba huyo anashinda wapi au anafanya kazi gani.

Mdogo wangu, mimi nilikuwa upande wa pili. Nilikuwa nauza vitenge Kariakoo. Siku ya kuhesabu mzigo huna mkono wa kushika simu. Natoka usiku, miguu imevimba, kodi ya fremu haijatimia, nakuta ujumbe wa mpenzi wangu wa wakati ule: "Kama umenichoka sema." Nabembeleza. Nilimhurumia kweli, maana alilelewa kwa kuhamishwahamishwa, leo kwa shangazi, kesho kwa bibi, nikaelewa hofu yake ilikoanzia. Kesho yake yale yale. Hakuwahi kuniuliza biashara imekwendaje. Hata msiba wa baba yangu aliugeuza wa kwake: mbona nilikaa na binamu zangu kuliko yeye! Hilo mpaka leo linaniuma.

Baadaye nikasoma utafiti wa Geraldine Downey na Scott Feldman wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, uliochapishwa 1996. Waliona kwamba anayetarajia kukataliwa huona amekataliwa hata mahali ambapo mwenzake hakukusudia chochote. Kinachomchosha mwenzake, kwa wanaume wenye hofu hiyo ni wivu wao. Kwa wanawake wenye hofu hiyo ni ukali wao na kuacha kumsaidia mwenzao. Nilicheka peke yangu. Yule bwana aliogopa nitamwacha, na kweli nilimwacha.

Kwa hiyo wewe unayeogopa, kabla hujauliza "bado unanipenda?", uliza "leo umeshindaje?" Kisha nyamaza usikilize, hata kama jibu halikuhusu. Acha kuchungulia alikuwa mtandaoni saa ngapi. Hofu ikikubana, mwambie mapema, bila kumshtaki.

Nanyi wenye huruma, msijitwike kutuliza mtu usiku kucha. Mwambie, "Nipo kazini, nitakupigia saa tatu," na saa tatu ikifika piga kweli. Akikuandama kabla ya hapo, endelea na kazi yako. Mume wangu naye ana hofu zake, zipo, tena nyingine nzito. Lakini anasubiri saa tatu, na nikipiga huanza kwa kuniuliza kama nimekula.