Gari linachemsha mlimani tu: je, ni rejeta?

SWALI: Habari fundi. Nina gari dogo la gia otomatiki, nililinunua likiwa limeshatumika Japani. Hapa Morogoro mjini halisumbui, lakini nikipanda Kitonga kwenda Iringa mshale wa joto unavuka katikati, na nikifika tambarare unarudi. Kila baada ya siku chache naongeza maji, ila chini ya gari sioni hata tone. Fundi wa mtaani anataka aitoe themostati. Nimkubalie?

JIBU: Ndugu msomaji, usimkubalie. Dalili zako zinaelekeza kwenye rejeta yenyewe, yaani kipozeo cha maji ya injini, na kutoa themostati, vali inayoyafungulia maji njia ya kwenda rejeta yakipata moto, hakutaiponya.

Gari linapochemsha, mimi huuliza kwanza lilikuwa wapi. Likichemsha kwenye foleni na kupoa likianza kukimbia, naanza kukagua feni, maana gari likiwa kwenye mwendo upepo wa mbele husaidia kazi yake. Lako ni kinyume. Mlimani injini inatoa joto jingi kwa muda mrefu, na rejeta iliyoziba sehemu, ambayo mjini bado inamudu, huko inazidiwa. Mshale kurudi kusikutulize. Kwenye magari mengi ya siku hizi umetengenezwa ukae katikati hata joto likipanda na kushuka kidogo, kwa hiyo ukiuona umesogea, hali imeshakuwa mbaya.

Maji kupungua bila tone pia kuna maelezo yake: uvujaji mdogo hukauka juu ya rejeta ya moto kabla haujafika chini. Tafuta ukoko mweupe au wenye rangi ya kulanti (dawa ya kupozea inayochanganywa na maji), hasa pale tangi la plastiki linapobanwa na aluminiamu. Na kama plastiki hiyo ilikuwa nyeusi na sasa imegeuka kahawia, imeshachoka, itapasuka siku yoyote.

Asubuhi, injini ikiwa imepoa kabisa, fungua kifuniko cha rejeta uangalie ndani. Usithubutu kukifungua kikiwa moto. Maji yatakurukia usoni. Ukikuta rangi ya kutu, ni kwamba maji matupu yametumika muda mrefu bila kulanti, na kutu na chumvi zake ndizo zinazoziba njia nyembamba za rejeta. Ukikuta uji wa rangi ya waridi kama maziwa yaliyotiwa rangi, hilo ndilo ninaloliogopa zaidi. Kwenye magari mengi ya otomatiki, oili ya gia hupozwa ndani ya tangi la rejeta. Bomba lake likitoboka, maji yanaingia kwenye gia boksi na kuiharibu. Gari hilo lisiwashwe tena, livutwe hadi gereji.

Ukiwa hapo, chunguza na kifuniko chenyewe, ambacho wengi hukisahau. Vingi vimeandikwa 0.9 au 1.1, yaani mgandamizo kwa kipimo cha ba. Kikiwa kizima, hata maji matupu hayachemki hadi yakaribie nyuzi 120. Kikilegea, unabaki na mgandamizo wa hewa wa mahali ulipo, na kwenye mwinuko wa Iringa, kama mita 1,600, maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Kwa hiyo kifuniko kibovu kitakuangusha kulekule juu. Ni cha bei ndogo, kibadilishe kwanza.

Kipo kipimo kimoja cha kuiondolea rejeta lawama. Kifuniko kikiwa wazi na injini ikiwa baridi, washa gari. Mapovu yakiendelea kutoka bila kukoma, na eksozi ikitoa moshi mweupe hata injini ikishapata moto, mshuku gasketi ya silinda hedi, yaani kizibo kilicho kati ya hedi na bloku ya injini.

Sasa themostati. Kwenye injini nyingi za Toyota, ikifunguka huziba pia njia ya mkato inayoyarudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi, na sehemu ya maji ya moto haipozwi kabisa. Mlimani utachemsha zaidi, na asubuhi injini itachelewa kupata joto na kula mafuta. Bizari na dawa za kuziba, ambazo wengine humwaga kwenye rejeta kuzuia uvujaji, nazo ziache, zinaziba hata njia zilizokuwa nzima.

Mwambie fundi aipime rejeta kwa pampu ya mgandamizo, kisha, injini ikiwa moto, apitishe kipimajoto cha miale juu yake. Sehemu yenye ubaridi katikati ya joto ndiyo iliyoziba. Rejeta za zamani za shaba zilizibuliwa na kuchomelewa. Hizi za aluminiamu na plastiki nashauri ununue nyingine. Kabla ya kuifunga, injini isuuzwe hadi maji yatoke meupe, halafu itiwe kulanti nusu kwa nusu na maji yasiyo na chumvi, hewa ikitolewa yote. Kesho yake asubuhi angalia kina tena, kwa kawaida kitakuwa kimeshuka kidogo kwa hewa iliyobaki. Ongeza mara hiyo moja. Kikiendelea kushuka, lirudishe gari gereji kabla ya kwenda Kitonga.